Daftari la Sentensi Moja

Watoto wa darasa la sita walimwita Bi Ingawa, naye alijua, na hakuwahi kumchapa mtu kwa ajili hiyo. Jina lilitokana na mazoea yake. Mtoto akifika mlangoni anahema na kusema, "Mwalimu, nimechelewa," yeye humtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Umechelewa ingawa nini?" Mtoto akibabaika, mwalimu humsaidia. "Nimechelewa ingawa niliamka mapema. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta kiatu. Usiniletee sentensi uchi, mwanangu. Ivishe nguo ndiyo uilete mbele za watu."

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwili wa kutosha, na goti la kushoto lililomjulisha mvua kabla ya mawingu. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, akimpigia simu Jumapili. Huko nyuma kulikuwa na mume, lakini alikwenda zake, na habari yake imeishia hapo. Siku nyingine za juma, watoto wa Bi Ingawa walikuwa hamsini na wanane, na aliwachunga kama kuku anayeona kivuli cha mwewe. Alijua nani anakohoa tangu juma lililopita. Alijua nani anavaa kiatu cha kaka yake na kujaza pamba kwenye kidole. Mapumziko yakiisha alihesabu vichwa, na akikosa kimoja hakuanza somo.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyepitwa na jambo lile. Waliomfahamu walishangaa. Yeye hakushangaa, maana alijua lilivyopita, hatua kwa hatua.

Kazi yake kubwa mwaka ule ilikuwa sentensi changamano. Mtihani wa mwaka uliotangulia ulikuwa umewaaibisha. Watoto walijua kusoma na walijua kuandika, ila insha zao zilikuwa kama mtu anayegonga misumari: Niliamka. Nilinawa. Nilienda shule. Nilirudi. Mwalimu mkuu alimwita ofisini na kumwambia, "Mama, hawa watoto wanaandika kama telegramu. Tafuta dawa."

Dawa yake ya kwanza ilikuwa kuwasimamisha ubaoni. Aliita wawili wawili, akawapa vipande vya karatasi ngumu. Siku moja alimwita mtoto wa kinyozi, mrefu kama mlingoti, akampa karatasi iliyoandikwa *Mwalimu alifunga dirisha*. Akamwita binti wa muuza mkate, mfupi, mcheshi, akampa *kwa sababu mvua ilianza kunyesha*.

"Wewe mrefu ni kishazi huru. Simama wima, una miguu yako. Wewe mdogo ni kishazi tegemezi. Mwegemee mwenzio."

"Mwalimu, ananuka jasho!"

"Kishazi tegemezi hakichagui. Egemea."

Darasa likacheka. Msichana akaegemea, ameziba pua. Bi Ingawa akamvuta mtoto wa kinyozi pembeni ghafla, na msichana akayumba nusura aanguke.

"Mmeona? Someni hiki peke yake: kwa sababu mvua ilianza kunyesha. Ukimwambia mtu hivyo barabarani na kwenda zako, atakufanyaje?"

"Atadhani umechanganyikiwa!"

"Atakufuata kukuuliza, mvua ilinyesha ikawaje? Sasa huyu mrefu: Mwalimu alifunga dirisha. Je, huyo anasimama?"

"Anasimamaaa!"

"Anasimama, lakini yuko peke yake. Hatujui kwa nini, hatujui lini. Tunataka wawili hawa washikane."

Dawa ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa. Kila mtoto alikuwa na daftari dogo la kurasa thelathini na mbili, na kila asubuhi kabla ya kuja shule aliandika humo sentensi moja. Masharti yalikuwa mawili, yamebandikwa ukutani kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe: *Iwe habari ya kweli ya nyumbani. Iwe na angalau kishazi tegemezi kimoja.* Madaftari yalikusanywa asubuhi mlangoni. Bi Ingawa aliyasoma mchana katika chumba cha walimu, baada ya vipindi vya darasa lake na la jirani, akayarudisha kengele ya mwisho ikilia. Aliwaahidi kwamba hayo ni siri. Hakuna mwingine atakayeyasoma, wala hatasimulia ya nyumba ya mtu kwa mtu.

Katika hao hamsini na wanane alikuwapo mmoja aliyeitwa Nukta, na jina hilo alilitoa mwalimu mwenyewe, kwa utani, siku aliposema, "Huyu akiandika neno la pili tu, keshaweka nukta." Darasa likalidaka. Msichana alikuwa wa miaka kumi na miwili, mwembamba, kola yake imepigwa pasi kila siku hata siku za vumbi. Kola hiyo haikuwa ajabu, maana mama yake alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilikuwa ng'ambo ya lango la shule, na nusu ya sare za darasa zilikuwa zimepita chini ya sindano yake.

Fundi alikuwa mtu wa watu mpaka mlangoni kwake. Utani, salamu, kipimo cha bure ukikosea. Lakini hakuna aliyejua ya ndani. Alihamia mtaani miaka mitatu nyuma na mtoto mmoja na cherehani moja, akapanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji sita na mama mwenye nyumba mmoja anayejua hadi idadi ya viberiti vyao. Siku alipoitwa shuleni kwa sababu ya ukimya wa mtoto, alikaa kwenye benchi na utepe wa kupimia shingoni.

"Mwalimu, mwanangu si bubu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mdomo. Pale kwetu ukipiga chafya ndani, nje wanakupa pole."

"Nakuelewa, mama. Lakini atafaulu vipi?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe."

"Basi aniandikie. Daftari nalisoma mimi peke yangu."

Fundi akalifikiria hilo huku akikunja utepe. Kisha akamgeukia mtoto. "Umesikia? Kwa mwalimu, sawa. Kwingine kote, ya nyumbani yanabaki nyumbani."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Hivyo katika dunia nzima akafunguliwa mlango mmoja, mdogo, wa karatasi.

Kwa miezi aliutumia kwa uchache. *Mama anashona. Mama anaumwa kichwa. Tumekula mkate.* Bi Ingawa aliandika chini yake kwa kalamu nyekundu: *Lini? Kwa nini? Ingawa nini?* Siku nyingine mtoto aliongeza, siku nyingine hakuongeza. Kuhusu kichwa, mwalimu alimuuliza fundi mara moja langoni. Fundi alikuwa amefunga kitambaa kipajini, akakifungua haraka. "Ni macho tu, mwalimu, uzi mweusi kwenye nguo nyeusi. Nikilala kidogo kinatulia. Nimemwambia huyu, nikilala asiniamshe na asiniitie watu." Bi Ingawa akamwambia aende akapimwe shinikizo la damu. Fundi akasema ataenda. Wote wawili walikuwa wanawake wenye kazi, na maneno hayo yakaishia hapo langoni.

Ikaja Jumanne. Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alitangaza kwamba wakaguzi watafika Ijumaa, na watataka kuona kazi za watoto zimesahihishwa, zote, kwa tarehe. Zaidi ya madaftari ya siku ile, Bi Ingawa alikuwa na viporo vya siku nne vya mazoezi mengine. Mchana alijifungia na rundo la madaftari, chai ikapoa pembeni ikashika utando. Alisoma kwa haraka ya mtu anayechambua mchele wageni wamekwisha kaa mezani: jicho linatafuta kijiwe, haliuoni mchele. Ambaye, sawa. Kwa sababu, sawa. Hapa hakuna, alama nyekundu. Linalofuata.

Daftari la Nukta lilisema: *Mama amelala.*

Akaguna. Miezi mitano ya vishazi, bado maneno mawili! Akaandika chini yake, akikandamiza kalamu: *Fupi mno! Amelala tangu lini? Kwa nini? Ingawa nini? Ongeza vishazi. Kesho.*

Alipotoka jioni aliona kibaraza cha fundi kimefungwa. Aliona. Hilo nalo halikumpita. Akasema moyoni, leo kaenda kununua nyuzi. Jicho lake lilifanya kazi yake, na akili iliyochoka ikalipa jicho sababu ya kunyamaza.

Jumatano asubuhi Nukta alileta daftari lake mlangoni kama wengine. Kola haikuwa imepigwa pasi. Alilitoa kwa mikono miwili, akabaki amesimama kidogo, akimtazama mwalimu.

"Pita, mama, unaziba njia," Bi Ingawa akamwambia, na kumgusa bega. Nyuma walikuwa wakisukumana.

Akapita. Akakaa kwenye benchi lake vipindi sita. Vichwa vilihesabiwa baada ya mapumziko, vikatimia hamsini na vinane.

Saa saba na nusu mchana, katika chumba cha walimu, Bi Ingawa alifungua daftari lile na kusoma:

*Mama yangu, ambaye kila siku huamka kabla yangu, bado amelala tangu jana ingawa nimemwita sana na nimemnyunyizia maji usoni.*

Moyo wake uliruka kwa furaha. Hilo ndilo lililomwia gumu kuliko yote kumweleza mtu baadaye. Alifurahi. Kalamu ikapiga alama ya sahihi kubwa, yenye mkia, na ubavuni akaandika *Vizuri sana!* Akamgeukia mwalimu wa hesabu, jirani yake wa meza, mtu mzima mwenye mdomo wa mzaha.

"Tazama! Nukta amefunguka. Vishazi tegemezi viwili, na mkato kila mahali pake!"

Mwalimu wa hesabu akalichukua daftari, akasogeza miwani. Yeye hakuwa na habari na vishazi. Alisoma kama mtu asomaye barua.

"Bi Ingawa," akasema polepole, "hii sentensi ni ya mfano au ni ya kweli?"

Alitaka kumjibu kwa utani. Mdomo ulikwisha funguka. Ndipo sharti la ukutani likamjia, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hakukumbuka alivyofika darasani. Alimshika Nukta mkono, wakavuka barabara, goti likimchoma kama msumari, mwalimu wa hesabu akiwafuata nyuma. Njiani aliuliza, "Mama amekula? Amesema neno?" Na mtoto akajibu kwa sauti ndogo, "Anakoroma tu, mwalimu. Nilijua mtu anayekoroma amelala."

Chumba kilikuwa safi. Pasi ilikuwa juu ya kigae chake, vipande vya sare vimepangwa kwa namba sakafuni, bakuli la maji kando ya mto, na mto umelowa. Fundi alikuwa chali, amefunikwa vizuri hadi kidevuni kwa kitambaa cha buluu ambacho hakijakatwa. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Koromo lilitoka chini sana, kama kitu kizito kinachovutwa sakafuni. Karibu na kichwa kulikuwa na kipande cha mkate kwenye sahani, na kikombe.

"Nilimwekea," mtoto akasema.

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Jamani! Na mimi nilisema leo ametulia!"

Hospitalini muuguzi aliinua kope za mgonjwa, akamulika. "Yuko hivi tangu lini?"

"Jana," akasema Bi Ingawa. "Asubuhi."

"Jana asubuhi! Leo saa tisa ndiyo mnamleta? Mlikuwa mnasubiri nini?"

Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, hakufoka. Alisema mshipa umepasuka kichwani. Bi Ingawa akamfuata kwenye ujia, akamshika mkono wa koti. "Mwanangu, niambie. Kama tungemleta jana mchana?"

"Mama, mimi siwezi kuapa." Akatazama pembeni. "Lakini jana ingekuwa bora kuliko leo."

Fundi alifariki Jumamosi alfajiri bila kufungua jicho.

Kabla ya hapo, Ijumaa, wakaguzi walikuwa wamekuja. Walikuta madaftari hamsini na saba yamepangwa mezani. La hamsini na nane lilikuwa ndani ya mkoba wa Bi Ingawa, chini ya kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyehesabu. Mwalimu mkuu, aliyekwisha sikia, alimwambia mlangoni bila kumtazama, "Mengine, mama, si lazima yaonwe na kila mtu." Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeyasema wazi, wakiwa wawili, habari ya kifo ilipofika.

"Litie moto."

"Moto?"

"Ni karatasi. Karatasi huungua. Dada yangu, una miaka saba kufikia kustaafu mapema. Fundi harudi. Utamfaidia nani?"

Bi Ingawa alikwenda nalo nyumbani, akaliweka juu ya jiko lisilowashwa, akalitazama, akalirudisha mkobani.

Ndugu aliyekuja ni mmoja, dada mkubwa wa marehemu. Mwanamke wa kazi, mikono imepasuka kwa sabuni, maana alikuwa dobi katika mji mwingine na alikuwa na watoto wake wanne. Alisimamia maziko kwa sauti kavu, bila chozi. Siku mbili baadaye Bi Ingawa alikwenda kutoa pole kule chumbani. Vitu vilikuwa vinafungwa. Cherehani ilikuwa imevishwa gunia na kukazwa kamba. Nukta alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zake kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo uko mbali na mizigo mingine. Hilo Bi Ingawa aliliona mara moja.

"Karibu, mwalimu. Kaa kitandani, viti vimekwisha kwenda."

"Pole sana, dada yangu."

"Nimekwisha poa. Tena heri umekuja, maana wewe ndiye unamjua huyu." Akamwelekeza Nukta kwa kidevu. "Niambie, huyu mtoto ana nini?"

"Ana nini kivipi?"

"Siku mbili! Anaamka, ananawa, anavaa sare, anamruka mama yake pale alipo, anakwenda zake shule. Hapa wapangaji sita. Ukuta huo ukikwaruza, jirani anasikia. Hakuita mtu! Hakusema neno! Miaka kumi na miwili, mimi nilikuwa nimebeba mtoto mgongoni na nyungu kichwani." Sauti ikapanda. "Nimemuuliza jana, nimemuuliza leo. Kwa nini hukusema? Ananitazama tu. Hana chozi. Ana jiwe hapa." Akajipiga kifuani.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikunja shuka lile lile muda wote huo, akaongeza, "Mimi ningejua, ningepiga kelele mtaa mzima."

"Hilo hatuna shaka nalo," dobi akasema. Kisha akashusha pumzi. "Mwalimu, nina wanangu wanne na chumba kimoja na nusu. Kwa damu ya mdogo wangu ningebanana na huyu humo humo. Lakini nitalalaje nyumba moja na mtu wa namna hii? Nikianguka mimi, atanivuka? Nimekwisha ongea na watu wa makao ya watoto. Kesho asubuhi wanamchukua."

Bi Ingawa akamgeukia Nukta. Mtoto alikuwa anamtazama. Hakuwa anamshtaki wala hakuwa anamwomba. Alikuwa amenyamaza kwa sababu mama yake alimwambia ya nyumbani yanabaki nyumbani, isipokuwa kwa mwalimu, na kwa mwalimu alikwisha sema. Alikuwa anangoja mwalimu aseme lililobaki.

Mkoba ulikuwa mapajani. Bi Ingawa alihisi pembe ya daftari kupitia ngozi yake. Aliifikiria miaka saba. Alimfikiria binti yake akisikia. Akafikiria mfuko ule mmoja ulivyowekwa mbali na mizigo.

"Dada yangu," akasema, "alisema."

"Alimwambia nani?"

Akafungua mkoba, akatoa daftari, akalifungua ukurasa wenyewe, akampa.

Dobi hakuwa msomaji wa haraka. Alisogea dirishani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikicheza bila sauti. *Mama amelala.* Kidole kikashuka kwenye wekundu. *Fupi mno. Amelala tangu lini.* Kikashuka tena, kikaenda taratibu kwenye sentensi ndefu, kikafika maji usoni, kikasimama. Kisha kikasogea ubavuni, kwenye ile alama yenye mkia.

"Hii nyekundu ya nani?"

"Yangu."

"Jumanne alikwambia."

"Aliniambia."

"Wewe ukamwambia aongeze."

"Ndiyo."

"Jumatano akaongeza." Dobi akainua uso. Macho yalikuwa makavu bado, lakini kidevu kilikuwa kinatikisika. "Ukamwandikia vizuri sana."

Hata kama Bi Ingawa angekuwa na vishazi vyote vya dunia, kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja, ingawa nilikuwa nimechoka, hakuna kimoja kilichokuwa na cha kuegemea.

"Toka," dobi akasema.

Bi Ingawa akasimama. Goti likagoma, akashika ukuta. Mama mwenye nyumba akampisha kama mtu anayepisha mgonjwa wa kuambukiza. Alikuwa kizingitini aliposikia nyuma yake sauti ya dobi, nyingine kabisa, imevunjika katikati: "Njoo. Njoo hapa, mwanangu, nisamehe. Njoo kwa mama mkubwa." Kisha kitu kama ndoo kuanguka. Kisha kilio. Si cha mtoto mmoja tu.

Kesho yake asubuhi gari la mizigo lilisimama mbele ya kibaraza. Bi Ingawa alibaki ng'ambo, upande wa lango la shule, maana hakuwa na haki ya kuvuka. Aliona cherehani ikipandishwa. Aliona mfuko mmoja ukipandishwa, ukasukumwa kati ya mizigo mingine hadi usionekane. Watu wa makao ya watoto hawakuja.

Gari lilipowashwa, Nukta aliteremka. Mama mkubwa akaita, mtoto hakugeuka. Alivuka barabara akitazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa, akaja hadi mbele ya mwalimu.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Ile sentensi ilikuwa sawa?"

Bi Ingawa akapiga magoti mavumbini, la kushoto na la kulia, ili wawe sawa kwa urefu.

"Ilikuwa sawa," akasema. "Na ile ya kwanza ilikuwa sawa. Ilikuwa imetimia. Kosa lilikuwa kwa msomaji."

Mtoto akafikiri. Hakutabasamu, wala hakulia. Akaitikia kwa kichwa, kama alivyomwitikia mama yake siku ile ya utepe, akageuka, akavuka.

Dobi alikuwa amelipitisha daftari ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya safari, na lilikwenda mbali zaidi ya hapo. Bi Ingawa aliitwa mbele ya watu watano waliokaa nyuma ya meza ndefu. Hakujitetea. Mwalimu wa hesabu alimlaumu kwa hilo hadi mwisho. "Hata mwizi hujitetea!" Walimwondoa pale, wakampeleka shule ya mwisho wa barabara, yenye madarasa manne na paa linalovuja, na cheo kikashuka. Binti yake alipopiga simu Jumapili alimweleza yote. Binti akasema, "Mama, umekula leo?" na hapo ndipo mama alipolia kwa mara ya kwanza.

Huko alipo sasa bado anafundisha vishazi. Watoto bado wanasimama ubaoni wawili wawili, bado wanacheka, na madaftari madogo bado yapo. Ila hayakusanywi. Kila asubuhi anasimama mlangoni, mikono mitupu, kalamu ameiacha mezani, na watoto wanapanga mstari unaofika hadi kwenye bomba la maji. Anasoma moja baada ya jingine mbele ya mwenyewe. Kipindi cha kwanza huchelewa, walimu wenzake hulalamika, na watoto wamekwisha mpa jina jipya, Bi Mlangoni. Ya Nukta hajawahi kuyasikia. Hakuuliza, maana hakuona ana haki ya kuuliza.

Juzi msichana mmoja alimpa daftari lenye maneno mawili: *Baba hajarudi.*

Bi Mlangoni aliyasoma, akayasoma tena.

"Tangu lini?" akauliza.

Msichana akanyoosha mkono kulichukua tena daftari, kichwa chini. "Samahani, mwalimu. Niongeze kishazi?"

"Acha daftari." Akamvuta pembeni ya mstari, akamshika mabega yote mawili. "Niambie tu."